Magitaa ya Mama Ngoie Hayauzwi

Mwezi uliopita nilipita karibu na kibanda cha fundi wa redio, huku mjini ninakoishi siku hizi, harufu ya risasi inayoyeyuka juu ya waya ikanisimamisha pale pale barabarani. Ni harufu kali, ya chuma na utomvu kwa pamoja, inayoingia nyuma ya pua na kukaa. Nilisimama mpaka fundi akaniuliza kama nina simu ya kutengeneza. Sikuwa na simu ya kutengeneza. Nilikuwa Kamina, nina miaka tisa, nimepiga magoti kwenye sakafu ya udongo, na mama yangu amesimama mlangoni na kikapu cha samaki kichwani, anaangalia nilichokiharibu.

Wengi wa rika langu waliokulia upande ule wa reli wanamkumbuka mama kwa jina la mzaha, Mama Magitare. Wanadhani lilimuumiza. Halikumuumiza hata siku moja. Wale waliomcheka, nikikutana nao leo, ninawasalimu vizuri na kuwauliza hali ya watoto, lakini sijasahau nani alisema nini.

Baba yangu aliitwa Kabange. Alikuwa fundi wa vichwa vya treni kule depo, na siku za Jumamosi alipiga gitaa la solo katika bendi ya wafanyakazi wa reli. Ninachokumbuka cha kwake ni kidogo: shati lililonuka mafuta ya mashine, na ncha za vidole vya mkono wa kushoto, ngumu kama kwato, alizopenda kunigongea nazo kwenye paji la uso nikikataa kula. Nilipokuwa na miaka sita alishikwa na homa, na homa hiyo haikumwachia.

Matanga hayajaisha, mdogo wake alikuja na mkokoteni. Huyo nilimwita Tonton Banza. Alichukua kitanda, baiskeli, redio, suti mbili za baba, meza na viti vyake, na juu ya vyote akalaza gitaa. Mama alikuwa ameketi chini, amenyolewa nywele, wanawake wamemzunguka. Nilimwona anageuza kichwa polepole kuufuata ule mkokoteni mpaka ulipopinda kwenye kona ya depo. Tulibaki na chungu kimoja na mkeka. Nyumba ya kambi ya reli ilikuwa ya mtu mwenye kazi, kwa hiyo nasi tukatoka, tukapanga chumba na ukumbi mdogo upande wa pili wa reli.

Sasa, lile gitaa la baba, watu wa Kamina hawakuliita gitaa. Waliliita sauti ya Kabange. Lilikuwa jekundu, limechakaa rangi pale mkono wake ulipopumzikia, na wanasema mtu aliweza kulitambua akiwa mbali, kabla ya kufika kwenye dansi. Kwa hiyo baada ya matanga nilikuwa nawasikia wakubwa wakiongea uani: "Sauti ya Kabange, Banza aliiuzisha." "Eh! Kwa nani?" "Bantu banasema iko inatembea huko ku njia ya Bukama." Mimi nilikuwa mtoto, nikasikia maneno vile yalivyosemwa. Sauti ya baba yangu ilikuwa imeuzwa, na inatembea huko njia ya Bukama.

Mama akaanza biashara ya samaki. Treni ikipatikana alipanda mpaka Bukama, kutoka pale anashuka na mtumbwi mpaka Mulongo, kule kwenye mabwawa, anabadilisha chumvi na sabuni kwa samaki waliokaushwa kwa moshi. Treni isipopatikana alipanda lori, na lori likikwama alitembea. Mimi nilibaki kwa jirani yetu, mwanamke mwema mwenye mdomo mrefu. Siku moja mama alirudi na vikapu viwili badala ya vitatu, na mgongoni, pale ambapo mwanamke hubeba mtoto, alikuwa amefunga kitu kirefu ndani ya kitenge.

"Mama Ngoie, ule mutoto ulizalia wapi?" jirani akauliza.

"Ni gitare," mama akasema.

"Ya nani?"

"Ya minyi. Niliuza."

Kule kwetu minyi ni mimi, na kuuza ni kununua; anayetoa kitu, huyo anauzisha. Jirani alielewa vizuri sana, akapiga makofi kwa mshangao.

"Chumvi yote ile? Weye uko na njala, unauza gitare? Na bila nyuzi?"

Nyuzi zilikuwa zimeondolewa zamani. Mvuvi aliyekuwa nalo alizitumia kutega panya wa mwituni, na gitaa lenyewe alilisimamisha nyuma ya mlango ili mbuzi wasiusukume. Mama alikuwa ameambiwa kuna gitaa jekundu Mulongo, akaenda kuangalia. Halikuwa jekundu la baba, lilikuwa jekundu la rangi ya mabehewa, mtu alilipaka kwa brashi. Lakini alipoligeuza aliona nyuma yake mtu amechonga kwa kisu jina lake na jina la mwanamke. Alinieleza miaka mingi baadaye kwamba alikuwa amekwisha kuliweka chini, ameshafika kwenye mtumbwi, kisha akarudi. "Niliona kama namuacha mutu mu njia," alisema. Hakueleza zaidi, na mama hakuwa mtu wa kueleza mara mbili.

Vijana wa leo hawawezi kujua kwamba zamani kila kambi ya kazi kando ya reli ilikuwa na bendi yake. Magitaa ya umeme yalifika kwa treni ndani ya masanduku ya mbao, na watu walikwenda stesheni kuyaona yakishushwa. Halafu kazi zikapungua, ampli za kukuza sauti zikaungua, umeme ukawa wa kubahatisha, wapigaji wakarudi mashambani au wakafa. Gitaa la umeme bila umeme ni ubao. Ndiyo maana mama aliyapata kwa bei ya bure: moja kwa mche wa sabuni na viberiti, jingine kwa jembe, jingine kwa kuku mwenye vifaranga. Alilipata moja Kabondo-Dianda kwa mwalimu aliyekuwa akilitumia kupimia mistari ubaoni.

Na alikuwa na namna yake. Kwanza hakuuliza gitaa. Aliketi, akauzisha samaki, akauliza habari ya mihogo, ya watoto, ya mvua. Akiwa tayari anajifunga kitenge kuondoka, ndipo angesema, kama anauliza habari ya takataka, "Na ile kabao kule?" Uso wake wakati huo ulikuwa mkavu. Mimi nimejaribu kuuiga uso ule maisha yangu yote na bado sijaufikia.

Kuyajua magitaa yenyewe alifundishwa na Papa Ilunga, aliyekuwa fundi umeme wa depo na ndiye aliyeunda ampli za bendi kwa mikono yake. Alikuwa na mguu mmoja usiokunjika, hasira ya haraka, na matusi ya Kifaransa aliyoyatoa kwa heshima, kama sala. Alimfundisha mama kushika gitaa mbele ya jicho na kuangalia kando ya shingo yake mpaka mwisho, kama mtu anayelenga bunduki, kuona kama limepinda. Alimfundisha kugonga mbao kwa kidole na kusikiliza, na kutazama kama skrubu zimewahi kuguswa.

"Hii miti hawakate tena," alimwambia mara moja, ameshika gitaa zito la rangi ya asali. "Mama Ngoie, uko unafanya buwazimu. Endelea."

Nilipofika miaka tisa magitaa yalikuwa kumi na moja. Yalining'inia kwenye boriti za ukumbi, juu ya vichwa vyetu, kwa sababu chini kulikuwa na mchwa. Nyumba yote ilinuka samaki wa moshi na mbao za zamani. Moja lilikuwa na alama za sigara kichwani, pale mpigaji alipokuwa akichomeka sigara yake katikati ya nyuzi. Moja lilikuwa jeupe limegeuka njano kama jino. Nikilala mkekani niliyatazama na kuyahesabu, na nilijua mama anayakusanya kwa sababu gani. Papa Ilunga alikuwa amenionyesha kile kipande cheusi chini ya nyuzi, akasema, "Hii njo mikro yake. Sauti inapitia humu." Mikro nilikuwa naijua. Padri alikuwa nayo parokiani, na kila alichosema kiliingia mle. Basi sauti ya baba ilikuwa ndani ya mikro ya mojawapo ya magitaa yale, na mama hajui ni lipi, na ndiyo maana anayachukua yote.

Siku moja mama alipokuwa Mulongo niliingia nyumbani peke yangu, nikapanda juu ya chungu kilichogeuzwa, nikashusha lile la rangi ya asali kwa sababu ndilo lililokuwa zuri kuliko yote. Nikafungua skrubu kwa ncha ya kisu cha samaki. Kile kipande cheusi kilitoka. Chini yake palikuwa pamezungushiwa kitu chekundu kinachong'aa, laini, kama nywele za mzungu. Nikavuta. Kikaja. Nikavuta tena, kikazidi kuja, waya mwembamba kuliko uzi wa buibui, unakatika, naukamata tena, navuta, nasikiliza. Ulijaa mapajani, ukajaa sakafuni, uking'aa kila mahali ambapo jua la mlangoni liliugusa. Nilikuwa nimefika karibu mwisho wake ndipo jua likazibwa.

Mama hakutua kikapu. Alisimama tu.

"Unafanya nini?"

"Natafuta sauti ya papa."

Nilingoja kofi. Alitua kikapu, akaketi kizingitini na vumbi lake lote la safari, akaviangalia vile vinywele vya shaba. Kisha akaniita nikae karibu naye.

"Sauti ya papa yako ilikuwa mu mikono yake, Ngoie. Na mikono tulizika."

"Sasa gitare yake unatafuta ya nini?"

"Sababu balikamata bila kuniuliza."

Siku ile sikuelewa. Nilichoelewa ni kwamba hakuna sauti humo ndani, na nililia kama siku ya mazishi, kwa kweli zaidi ya siku ya mazishi, kwa sababu wakati ule nilidhani baba anakwenda safari tu.

Papa Ilunga alipoona nilichofanya alitumia matusi yote aliyokuwa nayo, halafu akaniuliza kama nina subira. Nikasema ninayo. Akasema tutaona. Alikuwa na simu mbovu ya stesheni iliyokuwa na waya mwembamba vilevile ndani yake. Mchana wa siku nne mfululizo tuliketi uani kwake. Yeye alizungusha drili ya mkono aliyoibana kwenye benchi, na mimi niliuongoza waya kwa vidole viwili, kushoto kulia, kushoto kulia, bila kuvuta sana na bila kulegeza. Ulikatika mara mbili. Kila mara alichukua chuma chake cha moto, akayeyusha tone la risasi, moshi ukanipanda usoni, akaunga, tukaendelea. Hakuniambia pole, wala hakuniambia vizuri. Mchana wa nne alifunga kila kitu, akaweka nyuzi za gitaa alizozificha tangu enzi za bendi, akaunganisha ampli yake ya sanduku na batri ya lori. Ikavuma kwanza. Kisha akagusa uzi mmoja, na mimi nikaruka nyuma hatua mbili.

Haikuwa sauti ya baba. Lakini ilikuwa sauti, na ilipita katika vidole vyangu kabla ya kutoka pale. Tangu siku hiyo sikuwa tena mtoto wa kuwekwa kwa jirani mama akisafiri. Nilikwenda kwa Papa Ilunga.

Tonton Banza alikuja kiangazi kile. Hakuwa amekanyaga kwetu tangu siku ya mkokoteni. Alishuka kwenye gari jeupe pamoja na mfanyabiashara wa Lubumbashi, mtu mwenye viatu virefu vya ncha na manukato yaliyofika kabla yake. Mfanyabiashara akainua macho kwenye boriti, akasahau hata kutusalimu. Akaomba kuona moja. Mama akamshushia. Yule mtu akalipeleka mbele ya jicho lake, akaangalia kando ya shingo, akaligonga kwa kidole na kusikiliza.

Mimi nilimwangalia mama. Alikuwa ameona. Mtu yule alijua mambo yaleyale aliyoyajua yeye, lakini hakuwa na uso mkavu. Midomo yake ilikuwa inatetemeka.

"Nachukua yote," akasema. "Mama, sema bei."

"Sikusema naziuzisha."

Tonton Banza akacheka kidogo. "Bibi ya kaka, usimuchoshe mugeni. Hii bintu ni ya famille. Uliuza na franga ya nani? Ya ndugu yangu. Minyi nakuja na heshima, tugabule vizuri, kila mutu na sehemu yake."

"Ndugu yako aliniachia chungu moja," mama akasema. "Unakumbuka? Ulikuwa unapakia vingine."

Kisha Tonton Banza akafanya jambo ambalo mpaka leo sijamsamehe. Aliinama, akaniambia mimi, si mama.

"Ngoie, unataka gitare ya papa yako? Sauti ya Kabange? Iko kwa huyu monsieur. Iko imetundikwa mu nyumba yake. Mama yako akitoa hizi za takataka, ile nyekundu itarudia kwenu."

Yule mfanyabiashara akatikisa kichwa kukubali. "Ni kweli, mama. Iko kwangu. Nitakurudishia hiyo, na pesa juu."

Nilikamata kitenge cha mama kwa mikono miwili. "Mama, kubali! Mama!"

Aliniangalia. Nilidhani atalia. Macho yake yalienda kwenye boriti, yakapita gitaa moja baada ya jingine, yakarudi kwangu.

"Hapana," akasema.

"Mama, ni ya papa!"

"Najua ni ya nani. Hapana." Akawageukia wale wawili. "Kitu balinikamatia, siuze na gitare zangu. Na hizi siuzishe. Muende vizuri."

Tonton Banza hakwenda vizuri. Alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa mtaa kusema kwamba mjane wa ndugu yake ameficha mali ya marehemu. Tukaitwa. Tulipewa siku sita, na katika siku hizo mama hakupika vizuri hata mara moja. Alichukua baiskeli ya Papa Ilunga akazunguka mji, na kule asikoweza kufika alipeleka neno kwa wanawake wa samaki, kituo kwa kituo. Mimi sikumsemesha. Nilikuwa nimekasirika kwa hasira ambayo mtoto anaweza kuwa nayo mara moja tu. Niliona amekataa kumrudisha baba nyumbani, basi. Nilikula nikiwa nimempa mgongo. Alinipakulia samaki kwenye bukari, ugali wetu wa kule, kila siku kama kawaida, na hakuniomba nigeuke.

Siku ilipofika, ua wa mkuu wa mtaa ulijaa. Wengi walikuja kucheka. Magitaa kumi na moja yalilazwa juu ya mkeka, juani. Tonton Banza alivaa suti ya baba yangu, ile ya kijivu. Aliongea vizuri, alikuwa na ulimi mtamu, alieleza ukoo na desturi, na watu wakaanza kutikisa vichwa kukubali.

Mkuu wa mtaa alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ndogo. Alimwuliza, "Marehemu aliacha nini? Taja, tuandike."

Tonton Banza akataja. Kitanda. Baiskeli. Redio. Suti mbili. Meza, viti vinne. Gitare moja nyekundu.

"Na hii bintu yote, nani aliikamata?"

"Minyi. Njo desturi."

"Yote?"

"Yote."

"Sasa," mkuu wa mtaa akasema kwa ile sauti yake ndogo, "kama bintu yote ya marehemu ulibeba weye, huyu mama aliuza hizi gitare na nini?"

Kicheko kilichopanda pale hakikuwa kile walichokuja nacho. Lakini mama hakucheka. Aliinua mkono, akasema ana watu. Wakasimama watano. Wengine nilikuwa sijawahi kuwaona. Mmoja alikuwa yule mvuvi wa Mulongo, amesafiri siku mbili, suruali bado ina matope ya bwawani. Mmoja baada ya mwingine alikwenda mkekani, akaweka mkono juu ya gitaa lake, akasema alilitoa kwa nani na kwa kitu gani. Chumvi. Jembe. Kuku na vifaranga vyake. Mvuvi alisema, "Minyi nilisikia banasema aliiba. Njo nilikuya. Hakuiba. Alinikuta nimeifanya kizuizi ya mbuzi, na alinipa chumvi mingi kuliko nilisema."

Mkuu wa mtaa akafunga daftari. Akasema magitaa ni ya Mama Ngoie. Kisha akamwuliza kama anataka kudai lile jekundu, kwa sababu hilo nalo ni shauri, linaweza kuandikwa.

Nilisahau hasira yangu. Nilisimama kwa vidole vya miguu.

"Sitaki gitare," mama akasema. "Nataka aseme mbele ya bantu kama aliikamata bila kuniuliza. Basi."

Tonton Banza akasema kitu ndani ya kola ya suti.

"Sema kwa nguvu," mama akasema.

"Niliikamata."

"Bila?"

"Bila kukuuliza."

Mama akaitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyepimiwa sawasawa sokoni, akaanza kuinua magitaa mkekani. Papa Ilunga alikuwa amekuja na batri, nyuzi na sanduku lake la ampli, bila kuambiwa na mtu. Wale wazee watano walipiga mchana ule hadi jua likalegea. Walipiga vibaya. Vidole vilikuwa vimekauka, wengine walisahau katikati, mvuvi alikumbuka mstari mmoja tu akaurudia mpaka watoto wote wa mtaa wakaujua. Mwishoni akamwomba mama amruhusu kurudi Mulongo na lile gitaa lake. Jirani yetu, ambaye sasa alikuwa analia, akasema mpe, Mama Ngoie, mpe tu.

"Leo umeicheza," mama akamwambia mvuvi. "Ukitaka kuicheza tena, unajua nyumba."

Na alikuja tena. Kila alipopanda Kamina alikuja.

Lile jekundu sijaliona mpaka leo. Miaka mingi nilimlaumu mama kwa hilo, hata nilipokwisha kuwa na watoto wangu mwenyewe. Nilijiambia kwamba lilikuwa neno moja tu, ndiyo, na baba angerudi ukutani kwetu. Sasa ninaelewa kwamba lisingekuja peke yake. Lingekuja na Tonton Banza amelishika, na kila tukilitazama tungemwona yeye akitupa. Mama alifariki mwaka jana. Binamu zangu walinipigia simu kabla arobaini haijafika, wakisema siku hizi kuna watu wa mbali wanaotafuta magitaa ya zamani, wanalipa vizuri, na kwamba nyumba yangu ni ndogo. Ni kweli, nyumba yangu ni ndogo. Yamo humo ishirini na matatu.

Juma lile lile la shauri, mama alisikia kwamba kuna gitaa lingine Kabondo-Dianda, akanichukua. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusafiri naye. Tulikaa juu ya magunia ndani ya lori siku moja na nusu, barabara ikiturusha, mimi bado simsemeshi sana, vikapu vitatu vya mama nyuma yetu, na kikapu changu kidogo cha samaki katikati ya miguu. Gitaa lilikuwa juu ya paa la mtu, limewekwa juu ya mihogo iliyoanikwa ili upepo usiipeperushe. Tuliketi. Mama aliuliza habari ya mvua na ya watoto. Alianza kujifunga kitenge. Nikangoja aseme lile neno lake, hakulisema. Aliendelea kujifunga, anatazama barabarani, na kile kimya kikawa kirefu mpaka nikaelewa kwamba kinaningoja mimi.

"Na ile kabao kule?" nikasema.

Mwenye nyumba akacheka, akalishusha. Nikalipeleka mbele ya jicho. Shingo ilinyooka kama reli. Nikagonga mbao, nikasikia moyo wangu unagonga zaidi, nikajitahidi kukausha uso.

"Unatoa nini, mama kidogo?" akauliza. "Gitare ya muzungu hii. Utaacha vikapu vyote bitatu."

"Hapana," nikasema.

Alimgeukia mama, kama watu wazima wanavyogeukiana mtoto anapoongea. Mama aliona kitu cha muhimu sana barabarani.

"Vikapu bibili, basi," akasema.

"Hapana, papa. Moja. Na hii ndogo ya minyi."

"Kwa bei hiyo siwezi."

Nikaweka kikapu changu chini mbele ya mlango wake, nikakikalia. Nikamwambia sisi hatuna haraka.